Kuku wangu walilewa, jirani yangu akaitwa mchawi

Wakuu, nawasalimu kutoka Butembo, Kivu Kaskazini, upande wa Kongo. Ninayoyaandika hapa niliyaona kwa macho yangu, na pale ambapo sikuwapo nitasema wazi kwamba sikuwapo.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo naanzisha uzi wangu kwa sababu kuna jambo nililikataa mbele ya watu wazima wa avenue yetu, yaani mtaa wetu, na hadi sasa wapo wanaotaka niombe radhi.

Siombi. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza mniwie radhi kwa lugha. Kiswahili chetu cha huku kina njia zake. Nitaandika kwa kile ninachokisoma vitabuni na humu jukwaani, lakini maneno ya watu nitayaacha kama yalivyotoka vinywani mwao, hata Kifaransa chao: mais ni lakini, donc ni basi.

Mimi ni binti, nimehitimu kilimo na ufugaji katika chuo kimoja cha hapa mjini. Siku nyingi za wiki huwa napanda milima hadi Masereka, kuwashauri wakulima wa vitunguu na viazi. Nyumbani, nyuma ya jiko, nafuga kuku wa mayai, wale wekundu.

Wenzangu wengi niliosoma nao wanangoja ajira ofisini. Mimi niliamini, na bado naamini, kwamba mtu aliyesoma anapaswa kuanza na kile kilicho uani kwake. Mayai yale tulikula, tuliuza, na mengine mama yangu aliyapeleka kwa wagonjwa wa parokia. Kuku walitaga vizuri, sikuwa na malalamiko.

Parcelle tunayoishi, yaani kiwanja na nyumba yake, ni ya baba yangu mdogo. Namwita Tonton. Baba yangu alipofariki, yeye ndiye aliyetubakiza hapo mimi na mama, na kwa hilo namheshimu. Parcelle ya pili, ile iliyo upande wa pili wa ua wetu wa matete, pia ni yake. Humo kuna nyumba ndogo ya mbao ambayo huipangisha.

Ndimo alimoingia Mama Masika.

Mama Masika ni mtu wa kando ya Mavivi, karibu na Beni. Vita ndivyo vilivyomtoa huko, akafika Butembo na wajukuu zake na vitu vilivyoweza kubebwa kichwani. Hakulia kwa watu. Alitafuta ndizi, akatafuta mtama, akaanza kutengeneza kasikisi, ile pombe yetu ya ndizi, na kila Ijumaa wanaume wa avenue walijua njia ya kwake. Tonton akiwa wa kwanza, tena na kibuyu chake mwenyewe.

Muda si mrefu baada ya hapo, kuku wangu wakaanza kupunguza mayai. Kisha wakaacha kabisa.

Nilikagua kila kitu kwa mpangilio niliofundishwa. Minyoo hakuna. Utitiri hakuna. Maji safi. Chakula nilichowapa asubuhi kilikuwa kile kile. Lakini nilipowashika niliwaona wazito, na asubuhi walikuwa wakikidonoadonoa chakula changu kama watu waliolazimishwa kukaa mezani.

Mama akaniambia jambo jingine: nikiwa Masereka, kuku hao huyumba jioni, hasa Ijumaa. Wengine huanguka.

Hapo ndipo Tonton alipoingia.

"Katungu, kuku zako ziliacha kutaga tangu ule mama alifika. Na sasa zinaanguka-anguka. Ile hapana magonjwa. Ile ni burozi."

Burozi ndio uchawi, wakuu, na mulozi ndiye mchawi.

"Tonton, ngoja kwanza niangalie."

"Utaangalia nini, Ingénieur? Masomo yako haina chapitre ya burozi."

Ingénieur ndiyo cheo wanachompa huku aliyehitimu kilimo. Ijumaa iliyofuata sikwenda kazini. Nilikaa nyuma ya jiko na kutazama.

Karibu na adhuhuri, Mama Masika alimaliza kuchuja kasikisi yake. Kuku wangu, bila kuitwa na mtu, wakajipanga kwenye tundu la ua na kupita mmoja mmoja. Yeye akawamiminia beseni zima la makapi: ndizi na mtama vilivyochacha. Juu yake akaongeza mahindi, na bugali ya jana.

Walikula kwa pupa. Baada ya muda mmoja alijaribu kurukia jiwe, akalikosa. Mwingine alisimama akiukodolea macho ukuta, kama anayejaribu kukumbuka jina lake.

Wakuu, nilicheka peke yangu. Kuku wangu hawakuwa wamerogwa. Walikuwa wamelewa.

Nikapita upande wa pili.

"Mama Masika, hii unazipatiaka kila siku?"

"Kasikisi ni Ijumaa tu, mama. Siku zingine ni mahindi, na bugali."

"Mais zimenenepa mupaka zimeacha kutaga."

Akacheka hadi akajifuta macho. "Kunenepa ni magonjwa? Kwetu mutu akinenepa tunashukuru Mungu."

Nikamweleza kwamba kuku wa mayai akijaa mafuta tumboni, mayai hayapati nafasi ya kukua. Kwamba mahindi na bugali humshibisha bila kumpa kinachotengeneza yai. Alisikiliza vizuri. Kisha akasema maneno ambayo sijaweza kuyasahau.

"Sikia. Hapa mimi niko mugeni. Batu balinipokea, balinipatia chumvi, balinipatia moto. Mimi sina kitu ya kubarudishia. Kuku zako ndio peke zinakujaka kwangu kunilomba kitu. Sasa nizifukuze na njaa?"

Nikamwambia tu kwamba tutaziba tundu, na kwamba akitaka kuwapa kitu, awape majani ya lengalenga, yaani mchicha. Akakubali, huku akilalamika kwamba nawatesa.

Nilidhani yameisha hapo.

Lakini Tonton alikuwa ameshalipeleka jambo hilo kwenye shirika, yaani jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa avenue yetu, inayokutana kila wiki kusali na kusuluhisha mambo ya majirani. Wiki hiyo zamu ya kupokea ilikuwa yetu. Watu walikaa uani kwetu kwenye viti vya kuazima, na Mama Masika akakaa kwenye kigoda karibu na ua, kichwa chini.

Kiongozi wa shirika letu ni mwalimu wa serikali aliyetumwa huku kutoka mkoa mwingine. Tunamwita Mwalimu, basi. Ni mtu wa amani. Kumbukeni hilo, kwa sababu ugomvi wangu mkubwa haukuwa na Tonton bali na amani ya Mwalimu.

Sala ilipokwisha, Tonton akasimama. Akasema hana chuki na mtu, ila nyumba ile ni yake na hawezi kuweka mulozi ndani. Mbele ya wote alimtaka Mama Masika atoke kabla Jumapili haijafika.

Mahali pa kwenda hakupataja. Wote tulijua kwamba hapakuwapo.

Nikaomba ruhusa, nikaenda bandani, nikamkamata kuku aliyenenepa kupita wote. Nilimlea tangu akiwa kifaranga na sikupenda kufanya nilichofanya. Nikamchinja, nikamnyonyoa haraka kwa maji ya moto yaliyokuwa jikoni, nikamleta kwenye beseni na kumpasua katikati yao.

Sikuhitaji hotuba. Wanawake waliokuwapo wamepasua kuku tangu utoto wao. Tumbo lote lilikuwa mafuta ya njano, manene, yamefunika kila kitu. Ini lilikuwa limepauka, na nilipoligusa likavunjika kidoleni.

"Yesu! Iyi mafuta yote!" mmoja akasema. "Yai ingepitia wapi?"

"Na kuanguka?" Tonton akauliza. "Mafuta ndiyo inaangushaka kuku?"

"Kuanguka ni kasikisi, Tonton. Zinakulaka makapi yake kila Ijumaa."

Mama mmoja mzee wa nyumba ya kona, ambaye hamwogopi mtu, akamgeukia Tonton. "Eeh, Kakule! Basi na weye ulirogwa. Kila Ijumaa tunakuonaka unatafuta mulango ya nyumba yako na hapana iona."

Watu walicheka, hata Mwalimu. Hata mimi niliona kama tumeshinda.

Kisha Mwalimu akainua mkono.

"Bon. Tusigombane. Ingénieur ameonyesha maneno yake, Papa Kakule naye iko na wasiwasi yake. Tungojee kidogo. Kuku zikirudilia kutaga, mama atabakia. Zikikatala, donc tutaona."

Uani palitulia kwa raha. Mama yangu alishusha pumzi. Watu walianza kutazama sufuria ya chakula tulichowaandalia. Kila mmoja alikuwa amepata kitu cha kukubali.

Mimi nikasimama tena.

Wakuu, hapa ndipo ninapolaumiwa. Wanasema kuku wangu wangetaga tu, kwa hiyo ningenyamaza na yote yangeisha vizuri. Lakini nilijua jambo ambalo wao hawakulijua: kuku anaweza kuacha kutaga kwa sababu nyingi, na aliyenenepa kiasi kile huenda asirudi kabisa. Na hata ningekuwa na hakika kwamba wote watataga kesho asubuhi, ningekataa. Kwa sababu kukubali kungoja ni kukubali kwamba shtaka lina maana.

"Hapana, Mwalimu," nikasema. "Kuku zangu zinaweza kukatala kutaga mupaka zikufe zote, na uyu mama hatakuwa mulozi. Hapana funga nyumba ya mutu ku mukia ya kuku."

"Katungu!" mama yangu akaniita kwa sauti ya chini.

Tonton alikuwa amesimama. "Ni mimi unajibu vile? Mbele ya shirika?"

"Kwa heshima, Tonton. Parcelle ni yako. Ukitaka kumufukuza, unaweza. Mais hapana sema ni burozi. Sema tu: mimi Kakule nimeamua. Ile neno uibebe weye peke yako, hapana ibebesha kuku, hapana ibebesha shirika."

Hakuna aliyecheka safari hii.

Tonton alikuwa na nafasi ya kulisema neno lile, na watu wote walikuwa wakimsubiri. Hakulisema. Alichukua kofia yake akaenda bila kula. Mwalimu akafunga mkutano kwa sala fupi kuliko kawaida.

Najua wapo humu watakaosema sina adabu. Nimelitafakari hilo kwa uzito. Nimelelewa kusimama mzee anapoingia na kupokea kitu kwa mikono miwili, na hivyo ndivyo ninavyofanya hadi leo. Lakini sikufundishwa popote kwamba heshima kwa mzee hulipwa kwa kumtupa mzee mwingine barabarani. Mama Masika naye ni mzee. Ajabu ni kwamba siku ile hakuna aliyelikumbuka.

Asubuhi yake nilipita kwa jirani yangu nikamkuta anafunga mzigo. Wajukuu walikuwa shuleni. Sahani na nguo zilikuwa tayari ndani ya kitenge, fundo limekazwa.

"Unaenda wapi, Mama?"

"Nitaona mbele. Wasingya, mama, ulinitetea." Wasingya kwa Kinande ni asante. "Mais mutu bakimuitaka mulozi mara moja, ile jina hapana tokaka. Batanichunguza. Mutoto wa mutu akikohoa, ni mimi."

Sikumdanganya. Nikamwambia ni kweli, wengine watamchunguza. Nikamwambia pia kwamba akitoka leo, kesho watasema kuondoka kwake ni ushahidi, na mgeni atakayefuata kuingia nyumba ile atapimwa kwa jina aliloacha yeye. Nikamwambia siwezi kumwamulia, maana si mimi nitakayeishi na macho hayo.

Akakaa kando ya mzigo, akivutavuta fundo la kitenge kwa kidole.

"Nilikimbia mara moja," akasema mwisho. "Ile ilikuwa bunduki. Maneno, hapana. Juu ya maneno sikimbie."

Akalifungua fundo. Akanipa sufuria nimsaidie kuisugua.

Ijumaa iliyofuata alitengeneza kasikisi kama kawaida, ila mtungi hakuuweka tena nyuma ya nyumba. Aliuweka mbele, kandokando ya barabara, na yeye akakaa pembeni yake mchana kutwa na kitenge chake kizuri cha kanisani, akimsalimia kila anayepita kwa jina. Wengine waliitikia. Wengine walivuka upande wa pili. Wote aliwasalimia.

Tonton hajamfukuza. Wala hajasema kwamba alikosea, na mimi simngojei aseme.

Kwa wale watakaouliza juu ya kuku: baadhi wameanza tena kutaga, wengine bado. Mama Masika huwapa lengalenga juu ya ua wa matete na kuniita mchoyo. Lakini naomba msiufanye huu kuwa mwisho mzuri wa kisa. Siku mayai yalipoanza kuonekana, watu walikuja kunipongeza wakisema, "Unaona? Hakuwa mulozi." Niliwajibu wote jibu moja: hakuwa, hata siku zile kiota kilipokuwa kitupu.

Nilichojifunza ni hiki. Uongo unaopiga kelele nilikuwa nimejiandaa nao, nilikuwa na kisu na beseni. Ulionitisha ni ule wa upole, unaosema tungoje kwanza tuone, huku mtu asiye na kosa akikaa kwenye kigoda akisubiri kuku waamue kama ataitwa mtu.

Wakuu, wafugaji na wasio wafugaji, uwanja ni wenu. Mwenye kujua njia bora ya kupunguza mafuta ya kuku aandike, nitamshukuru. Na anayeona nilipaswa kunyamaza pale Mwalimu alipoinua mkono, aandike pia, ila aniambie kwanza: angekuwa ni mama yake kwenye kile kigoda, angesubiri mayai mangapi?