Viazi vya Mama Uwizeye

Siku nzima Laurence ameinamia hadubini, kwenye labo ya kilimo pale Katindo, akitazama mildiu, ule ugonjwa unaochoma majani ya viazi. Anaukuza kwenye visahani, anautilia dawa, anangoja. Nyuzi zake ni nyembamba, zinatambaa. Dawa ikizifikia, zinashindwa kujenga kuta za seli zake. Zinavimba, zinajikunja, halafu zinapasuka. Laurence hachoki kuziangalia. Lakini msimu huu ugonjwa ulimfuata mpaka nyumbani, na huko, jamani, ujuzi wote ulimwisha.

Nyumbani ni Mugunga, anakoishi na mama yake, Mama Uwizeye. Muzee huyo alikimbia vita kule Masisi na viazi vya mbegu amevifunga kwenye kitenge, aina nyekundu aliyoachiwa na marehemu mama yake, ambayo sokoni huipati tena. Akakaa kambini chini ya shitingi, lile turubai la wakimbizi, analalia kile kitenge, njaa inamtafuna, asile hata kimoja! Alipohamia kwa binti yake akavipanda vyote kati ya mawe ya volkano. Sasa majani yalikuwa na madoa meusi, na mbegu nyingine hakuwa nayo popote duniani.

Asubuhi Laurence akanyunyiza dawa, akaenda kazini moyo umetulia. Aliporudi alimkuta mama amechuchumaa na ndoo, anaosha jani moja moja kwa kiganja, vile mtu anavyomwogesha mtoto mchanga.

— Mama! Uko unafanya nini?

— Uliyapaka sumu. Ninayatoa ile harufu.

— Maji ndiyo yanaeneza ugonjwa! Unaua mbegu yako kwa mikono yako mwenyewe!

Neno likishatoka halirudi mdomoni. Muzee aliweka ndoo chini, akaingia ndani, chakula hakukigusa. Laurence aliona haya mpaka akakosa pa kuweka uso, maana mikono ile ndiyo iliyomlea.

Kulipokucha alimwomba radhi, akampandisha kwenye pikipiki, wakaenda wote mpaka labo. Akamkalisha mbele ya hadubini.

— Hizi ni nyuzi za ule ugonjwa, Mama. Hapa nimetia dawa. Zinataka kukua, ila ukuta haziwezi kujenga.

Mama Uwizeye alichungulia, akakawia kuinua kichwa.

— Zinapasuka, akasema. Maskini weee. Zimekosa nyumba.

Laurence alitaka kucheka, akashindwa. Nani mwingine angeuonea mildiu huruma, kama si mutu aliyelala chini ya shitingi upepo ukiipiga?

— Na jani je? Ukuta wake unabaki?

— Unabaki, Mama. Dawa hii inazuia ule wa ugonjwa tu.

— Basi nyunyiza. Sitaosha tena.

Mistari ya viazi aliyokuwa ameiosha ilikufa. Mingine, asante Mungu, ikapona. Siku ya kuvuna Mama Uwizeye alichagua viazi vya mbegu, akavifunga kwenye kitenge kilekile. Laurence alijua kitakakokwenda: chini ya kichwa cha mama kitandani, tayari kwa kukimbia. Lakini muzee alimwekea mapajani.

— Kaviweke kule jikoni kwako. Hapa kuna kuta.

Laurence akalia, hakujificha. Mama akavuta kitenge pembeni haraka.

— We mutoto, usivilowanishe! Si ulisema maji ndiyo yanaeneza?