Mshona Makuti wa Majoreni Apanda Paani

Saa mbili asubuhi, nyuma ya nyumba yake kijijini Majoreni, Mwanafatuma Zahoro ameketi mkekani akishona makuti. Anakunja jani la mnazi juu ya kijiti, anavuta uzi wa ukindu, anashika jani jingine. Macho hayapo mikononi; yanamtazama jirani anayezungumza naye. Kuti linalotoka halina mwanya wa kupitisha hata wembe.

Kila kuti humpa shilingi kumi. Mumewe, Alfani, ndiye huyaezeka. Hapa kushona ni kwa wanawake na kuezeka ni kwa wanaume, na anayeitwa fundi ni yule aliye juu. Kwa hiyo kampuni moja ya Uholanzi, inayojenga mabanda katika bustani za wanyama, ilipotafuta fundi wa makuti, familia ilipeleka jina la Alfani bila mjadala.

Masharti yalikuwa ya kawaida. Mwajiri ndiye mdhamini wa viza. Kibali cha kazi hufungwa kwake, na kazi ikikoma kibali nacho hukoma. Lisilo la kawaida ni kwamba ada na nauli angelipa mwajiri huyo. Kwa wanaowajua mawakala wa ajira, ambao humtoza mfanyakazi kila kitu, hilo lilitosha kuleta shaka. Shaka hiyo bado haijapata ushahidi.

Kosa lilikuwa nyumbani. Mwakilishi wa kampuni, Caroline Mwende, alipofika kumjaribu Alfani, alimkabidhi kwanza majani. Udhamini ulikuwa wa mtu mmoja, na mtu huyo alipaswa kushona na kuezeka.

“Sijapata kushona hata kuti moja,” Alfani alimwambia. “Hiyo ni kazi ya mama watoto.”

“Basi, baba, nimjaribu yeye.”

“Yeye hapandi!”

“Nani kasema?” aliuliza Mwanafatuma. “Nipeni muda nijifunze.”

Leo muda huo umekwisha, na Caroline amerudi. Uani limesimamishwa banda lenye miti mitupu. Mwanafatuma, mwenye umri wa miaka arubaini na minne, amevaa suruali ya mumewe, amejifunga leso kiunoni, na anapanda ngazi mbele ya nusu ya kijiji.

“Mwanafatuma weye!” anapaza sauti jirani yake, Mishi. “Ukianguka utuangukie sisi, usiwaangukie kuku wangu!”

“Kuku wenyewe wamekonda, Mishi. Watanifaa nini?”

Alfani hacheki. “Mguu kwenye kombamoyo, mama Swabir! Ule mti mnene! Fito zitavunjika!”

Safu ya kwanza inapinda. Mwanafatuma anaitazama, anaifungua yote, anaanza upya. Ya pili inanyooka, na kuanzia hapo mikono haisiti tena. Kila kuti analipima kwa kiganja kabla ya kulifunga, kama mtu anayemlaza mtoto, na kila moja linalala pale pale lilipotakiwa. Wanaume waliokuja kucheka wanasogea karibu waone vizuri. Mmoja amevua kofia na amesahau kuivaa. Kuna kazi ambazo sifa huzipunguza. Hii ni mojawapo.

Paa likiisha, Caroline anaingia chini yake na kuagiza mpira wa maji ufunguliwe juu. Maji yanapiga, yanateremka, yanafanya kijito uani. Anatoka akijipapasa nywele. Ni kavu.

“Mama, umepita,” anasema. “Udhamini ni wako.”

Vigelegele vinapigwa, cha kwanza kikiwa cha Mishi. Alfani anasubiri vitulie.

“Hongera, mama Swabir,” anasema. “Na mimi je?”

Kwa sasa nafasi ni moja, na yeye atabaki. Lakini mkewe ana mpango. Akishaizoea kazi, atamwomba mwajiri amdhamini Alfani pia.

“Nitawaambia mimi naezeka, nataka mtu wa kunishonea,” anasema, akiketi tena mkekani. “Njoo hapa, baba Swabir. Shika jani.”

Mbele ya watu wote, Alfani anaketi na kushona kuti lake la kwanza. Mwanafatuma analigeuza huku na huku, analifumua lote, na kumrudishia majani.

“Tena,” anamwambia.