Nyoka wa Mwenye Nyumba

Nyumba tuliyopangishwa Louisville, Marekani, tulipotoka kambi ya wakimbizi ilikuwa na panya wengi kuliko watu, na dari ilivuja hadi kitandani. Nilipolalamika, binti yangu akinitafsiria, mwenye nyumba alinijibu kwamba kwa watu waliotoka kwenye mahema hiyo ni hoteli. Namchukia hadi leo.

Jioni moja nilikuwa nakaanga ndagala, vile visamaki vikavu vyenye harufu kali, binti yangu akinisimulia habari za Waazteki, watu wa kale wa Meksiko, alizofundishwa shuleni. Walitoka kaskazini, wakatangatanga miaka na miaka, na kila walipofika walifukuzwa. Mwishowe mfalme mmoja akawapa sehemu ya mawe matupu iliyojaa nyoka, akitumaini wataumwa wafe wote. Wao wakawachoma wale nyoka, wakawala.

"Na huyo mfalme?" nikauliza.

"Wajukuu wao walikuja kuutawala mji wake, mama."

Mlango ukagongwa. Alikuwa mwenye nyumba, ameziba pua, anauliza ni uchafu gani tunaoupika humu ndani.

"Bon, haya," nikamwambia binti yangu, "wewe ndiye mwenye Kiingereza. Mwambie tumeshaanza kula nyoka wake."