Mvumo wa Bakuli na Sauti ya Wifi

Kaka yangu kazi yake ni kusafisha sauti. Mpe muziki uliorekodiwa, atang'oa kikohozi, mlango, mbwa wa jirani, hadi pumzi ya mtu. Halafu mtu wa namna hiyo akaoa mwanamke asiye na breki mdomoni! Jamani, nilicheka mpaka nikavunjika mbavu.

Wifi ndiye aliyekuwa akipiga mabakuli ya shaba ya Kitibeti na kengele zake ndogo, kwenye ule muziki wa kutuliza akili usio na maneno. Alizungusha kijiti ukingoni taratibu, bakuli likaanza kuvuma, na mvumo ukakaa hewani mpaka mtu unajiuliza utaisha lini. Sheria ilikuwa moja: hakuna kusema mpaka mvumo ufe wenyewe. Wifi alishindwa kila mara. Mvumo ukibaki kidogo tu, kesharopoka. Kaka atafoka, kisha ataenda kwenye kompyuta kumkata. Miaka kumi na moja anamkata.

Wifi alipofariki, kaka alifungua kazi zote kumtafuta. Mabakuli yapo, kengele zipo, yeye hayupo hata pumzi. Rekodi za mwanzo alishazifuta, eti zinajaza kompyuta. Na wifi kwenye simu hakuacha ujumbe wa sauti hata mmoja. Alipiga mpaka upokee.

"Dada, nimemfuta kwa mikono yangu," aliniambia. Alitaka kumsikia mara moja tu, basi.

Juzi alikuja kibandani kwangu nimpunguzie suruali, maana amekonda vibaya. Kelele za cherehani zilikuwa zimenichosha, nikawasha kwenye simu mabakuli ambayo wifi alinitumia zamani nilipokosa usingizi. Kaka akashtuka.

"Hii umeitoa wapi?"

"Alinitumia mkeo, siku ileile mliporekodi. Alisema nikikungoja wewe usafishe nitakufa macho wazi."

"Mwishoni anasema nini?"

"Nitajuaje? Sijawahi kufika mwisho. Nalala!"

Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Dakika ishirini hakutikisika. Mteja akachungulia, nikamfukuza kwa mkono. Mvumo ukapungua, ukapungua, na hapo wifi akaongea, mzima kabisa:

"We bwana, umekula lakini?"

"Nyamaza, unaniharibia!" kaka wa kwenye simu akafoka.

Kaka wa kwenye kigoda akaficha uso. Mimi nililia, sioni haya kusema, maana mwanamke yule nilimpenda.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Nikarudisha tena. Mara ya tatu wifi alipouliza, kaka alimuwahi yule mkali wa kwenye simu.

"Bado, mke wangu," akamjibu. "Bado sijala."