Doa la Bibi Usicheke

Shangazi yangu hapigi picha ya mtu anayecheka. Si kwamba ana kinyongo na kicheko. Yeye mwenyewe akicheka, jirani wa nyumba ya tatu huuliza kulikoni. Ni kazi tu. Picha zake ni za vitambulisho, leseni na fomu za shule, na huko wanataka uso uliotulia, masikio nje, macho mbele. Kwa hiyo kila anayeketi kwenye kigoda chake sebuleni, mbele ya shuka jeupe lililopigwa pasi, huambiwa neno lilelile: "Usicheke." Na mtu akishaambiwa asicheke, ndipo kicheko kinapomjia. Mtaa mzima unamwita Bibi Usicheke, na sebule yake ina kelele kuliko kwa kinyozi.

Alikuwa karani wa masjala hospitalini kwa miaka ishirini na sita, akiandika majina ya wagonjwa kwa mwandiko ambao ungewatia madaktari aibu. Alipostaafu, wenzake walimpa kamera ndogo ya dijitali, rangi ya fedha, ya aina ile ambayo ukiiwasha lenzi inachomoza kama shingo ya kobe. Walidhani atapiga picha za maua. Yeye akatafuta printa, akatundika shuka, akaanza kazi.

Mimi ni binti wa kaka yake. Natengeneza miwani dukani, nina mtoto wa miaka mitatu, na nina ulimi, sikatai. Ulimi huo nilimchapa nao shangazi kwa muda mrefu kwa sababu ya doa.

Kamera ile ilikuwa na doa. Dogo, la kijivu, karibu na katikati ya picha, juu kidogo. Umpige nani, umpigie wapi, lipo palepale. Fundi redio alisema ni vumbi, limeingia ndani na kukaa juu ya kile kioo kidogo kinachopokea mwanga, ambacho shangazi anakiita mboni. Akasema pia kwamba atakayeifungua kamera ndiye atakayeiua. Tangu siku hiyo shangazi hakutaka kusikia neno kufungua. Badala yake alilificha doa kwenye nywele za watu. Alikusogeza kushoto kidogo, akakushusha, akakuinamisha kidevu kiasi cha nusu kidole, mpaka doa likazama kwenye nywele zako au kwenye kilemba. Kisha "Usicheke", na picha imetoka safi.

Kwa mwanangu, aliyezaliwa na nywele za kuhesabika, alitumia kofia. Kofia ya sufu, ya bluu, jua liwe kali namna gani. Ukiacha ile ya kwanza kabisa, mtoto wangu hana picha hata moja ya uchanga wake isiyo na kofia ile. Tuligombana mimi na shangazi kwa ajili yake mara nisizozikumbuka. "Nunua kamera nyingine," nilimwambia, "au uitupe hii mbovu, uache kunichemshia mtoto." Yeye hunitazama tu, kisha anamkaza mtoto kofia.

Basi zamu ikamfikia baba yangu, ambaye ni dereva wa lori na hana unywele hata wa dawa.

Leseni yake ilikuwa inakwisha, na fomu ilitaka picha. Dada yake akampiga. Doa likatua katikati ya paji la uso. Ofisini karani akalizungushia kalamu nyekundu na kumrudishia. Shangazi akampiga tena, safari hii akamweka pembeni kabisa mwa picha ili doa liangukie mbali na uso, alikate na mkasi. Lakini lenzi ile huvuta vitu vya pembeni, na kichwa cha baba kikatoka kama papai. Karani akairudisha vilevile. Akamwambia Jumatatu ndiyo mwisho. Asipoleta picha inayofanana na binadamu, aanze maombi upya, na lori likae.

Jumapili asubuhi baba alikuja kwa dada yake nikiwa pale na mwanangu. Alikaa kigodani bila kuambiwa, akavua kofia yake, akaivaa tena.

"Mdogo wangu," alisema, "usinielewe vibaya. Kesho asubuhi nitapita hapo ng'ambo."

Ng'ambo ya barabara ni studio. Ina taa mbili kubwa, mwavuli mweupe na foleni. Shangazi alianza kulikunja shuka, na alipofika nusu akasimama nalo kifuani. Mtaa mzima ungemwona kaka yake mwenyewe, tumbo moja, akiingia kule kupigwa picha. Nani angerudi kukaa kwenye kigoda chake baada ya hapo? Mimi ambaye nilimsema miaka yote nikasikia uchungu kuliko yeye.

"Shangazi, tuifungue," nikasema.

"Ife?"

"Baba akienda ng'ambo, si itakuwa imekufa tu?"

Alinikata jicho. Halafu akalitandaza shuka upya. "Nenda kalete bisibisi zako," akasema. "Na unawe mikono."

Nilirudi na kikoba changu cha kazini: bisibisi za skrubu za miwani, ambazo ncha zake hata sindano ingezionea wivu, kibano, kikuza cha kufunga jichoni, vijiti vya kusafishia lenzi na chupa ya spiriti yake. Mpira wa kupulizia sikuwa nao, kwa hiyo nilichukua ule wa kunyonya kamasi za mtoto, nikauosha na kuukausha. Pumzi ya mdomo ni marufuku; mtu akipuliza kwa mdomo anaongeza mate juu ya vumbi.

Tulifanyia bafuni. Nyumba nzima hapakuwa na mahali pengine pasipo na zulia wala pazia, na tulikuwa tumefungulia maji ya moto dakika kumi ili mvuke uliangushe vumbi lililomo hewani, tukangoja mvuke nao utulie. Mimi na shangazi tukajifunga vilemba. Tukalaza ubao wa kukatia mboga juu ya beseni la kufulia, taa ya mezani juu ya kikapu cha nguo. Baba akakaa mlangoni na mjukuu wake, kwa amri ya kutopiga chafya.

Nilitoa betri na kadi. Nikachora umbo la kamera kwenye karatasi, na kila skrubu niliyoitoa nikaibandika kwa selotepu pale nilipoichora. Saba. Mgongo ukaachia. Nikaulaza kando ule uso wa kutazamia picha bila kuuvuta utepe wake, nikaondoa bati jembamba, na hapo ubavuni nikaona kitu cheusi, mviringo kama betri ndogo.

"Hicho asikiguse mtu," nikasema. "Kinahifadhi umeme wa flashi hata betri ikitoka."

"Kipi?" akauliza baba, akiinama kutoka mlangoni, na kidole kikaonyesha kwa karibu mno.

Kilisikika kishindo kama cha mtu aliyefyatua kidole. Baba aliruka, akagonga mlango kwa mgongo, akabaki ameshika mkono na macho yamemtoka pima. Mjukuu wake akapiga makofi akitaka arudie.

"U mzima?" shangazi akauliza.

"Nilikuwa nahakikisha tu," akasema baba.

Shangazi alijiuma mdomo mpaka mabega yakamtikisika. Nikamsihi, "Usicheke, shangazi, ubao unacheza," na hapo ndipo alipocheka, nasi tukangoja ubao utulie upya.

Mboni ilishikwa na skrubu tatu zenye springi chini. Hizi ndizo nilizoziogopa zaidi, maana zikirudi zimekazwa tofauti na zilivyokuwa, kamera haitaona sawasawa tena. Nikazihesabu kila mzunguko, shangazi akiandika kwa ule mwandiko wake wa masjala: ya kwanza mitano na robo, ya pili mitano na nusu, ya tatu mitano kasoro robo. Kisha nikainua. Kioo chenyewe hakikuzidi ukucha wa kidole cha mwisho, na kiling'aa kwa rangi za sabuni.

Nikapuliza kwa mpira. Nikakitazama kwa kikuza. Kichembe kipo. Nikapuliza tena, mara tano. Kimeng'ang'ania. Lakini sasa nilikiona vizuri, nikashangaa, kwa sababu vumbi la nyumbani huwa na vinyuzinyuzi, na hiki kilikuwa punje nyeupe.

"Si vumbi hili," nikasema. "Sijui ni nini."

"Poda," akasema shangazi, wala hakuinama kutazama.

"Poda gani?"

"Ya mtoto. Wewe maliza kwanza."

Nilikilowesha kijiti kwa tone moja la spiriti, nikapita mara moja tu, kutoka ukingo hadi ukingo, pumzi nimeibana. Nikatazama. Safi. Hapo nikamgeukia.

Akanieleza huku akiishikilia ile karatasi ya skrubu. Mwanangu alipokuwa na siku tisa, shangazi alikuja na kamera. Picha ya kwanza ilitoka vizuri. Mimi nikaona mtoto anang'aa jasho, nikachukua kopo la poda, nikalitikisa kwa nguvu zangu zote juu yake, lenzi ikiwa imechomoza hapo hapo, ikiingia na kutoka. Chumba kikawa cheupe. Picha ya pili ilionyesha wingu. Ya tatu ilikuwa na doa.

"Miaka mitatu," nikasema. "Miaka mitatu nakusema. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na siku tisa tangu ujifungue. Ulikuwa unalia hata chai ikipoa. Nikuambie umeniharibia kamera?"

"Na baadaye?"

"Baadaye ulikuwa umeanza kunisema, na ulikuwa unasema vizuri. Nikaona nisikukatishe."

Baba alicheka mlangoni mpaka akakohoa. Mimi nilinywea. Nilitaka kulia, nikamkumbatia na kilemba changu kikamwangukia usoni, akanisukuma akisema mikono yangu ina spiriti. Nampenda mwanamke yule kuliko ninavyojua kusema.

Tulirudisha kila kitu kwa hesabu ya mizunguko. Skrubu saba zilirudi saba. Nilipoweka betri, shangazi alifumba macho. Akabonyeza, lenzi ikatoa shingo, akaielekeza kwenye shuka tupu na kupiga. Tukaikuza ile picha kona kwa kona. Nyeupe tupu.

"Kaka, keti," akasema.

Baba akaketi. Kwa mazoea shangazi akaanza kumsogeza kushoto, akamshusha, akamshika kidevu. Kisha mkono ukasimama hewani. "Hapana," akasema polepole. "Rudi. Kaa katikati." Akampiga. Upara ulitoka unang'aa kama sahani iliyooshwa, bila doa, na kesho yake karani aligonga muhuri na kuomba aelekezwe kwa mpiga picha huyo, kwani mkewe naye alikuwa na fomu.

Lakini hiyo ni kesho yake. Jumapili ile, baba alipoondoka kigodani, shangazi alimwita mwanangu, akampandisha, akamweka katikati kabisa. Mtoto, kwa kuwa anajua taratibu, akainamisha kichwa kuisubiri kofia ya bluu. Shangazi akakiinua kile kichwa kwa viganja viwili.

"Leo hakuna kofia," akamwambia. Akarudi nyuma, akainua kamera, na akasema neno ambalo sebule ile haikuwahi kulisikia. "Cheka."

Mtoto akamtazama kwa mashaka, akakaza uso, akavuta masikio mbele kwa vidole.

"Bibi," akasema, "kwenye picha hatucheki."

Sisi watatu tulicheka kwa niaba yake, na shangazi akabonyeza hivyo hivyo, kicheko kikiitikisa kamera. Picha hiyo ninayo dukani, ukutani, juu ya meza ya kazi. Imetoka na ukungu kidogo, lakini paji lote la mwanangu linaonekana.