Chumba cha Cheti, Masasi

Ukitaka kunikasirisha, niulize mbele za watu, "Nani anakutunza?" Wajukuu wangu wanalijua hilo, na huniuliza makusudi wapate kucheka. Mimi sicheki. Swali hilo niliulizwa Masasi enzi za Mwingereza, na karani mwenye miwani, mwanangu akiwa na kifua kinachotaka sindano, na jibu nililotoa lilitaka kumuua.

Kwetu ni Mnyambe, kule juu Newala. Mwanangu alikuwa mmoja tu wakati huo, msichana ambaye meno ya utoto yalikuwa hayajaanza kung'oka. Alikohoa mpaka mbavu zikahesabika. Baba yake alikwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga akapotelea huko. Salamu hakuna, shilingi hakuna. Kaka yangu ndiye aliyempakia mtoto kwenye baiskeli, mimi nikafuata kwa miguu, tukateremka mlima mpaka hospitali ya Masasi. Dresa, yule msaidizi wa daktari, akamsikiliza kifua, akasema atadungwa sindano kila siku, kwa miezi, na asikose. Akiacha katikati, kifua kitarudi na hasira zaidi, na dawa ile haitamsikia tena.

Sasa mtu wa Mnyambe atafikaje Masasi kila siku? Ana mabawa? Ndipo nilipoambiwa habari ya cheti.

Baraza la wenyeji lilikuwa na fungu la fedha kwa watu kama sisi, wanaotoka mbali, mgonjwa wao lazima akae karibu na sindano, na hawana mtu wa kuwalipia chumba. Dresa anaandika kwamba mgonjwa ni wa kweli. Bwana Afya anakwenda kukagua chumba. Hakina dirisha, hakipiti. Paa linavuja, rudi ukaezeke. Chumba kikipita, mwenye nyumba anapewa cheti. Kila mwisho wa mwezi mpangaji anatia dole gumba kuonyesha bado anakaa humo, kisha mwenye nyumba anakipeleka dirishani boma, analipwa sehemu kubwa ya kodi. Kidogo kinachobaki anatoa mpangaji mwenyewe. Mwenye nyumba haruhusiwi kudai senti ya ziada chini chini, wala kumtoa mtu bila boma kujua. Na mpangaji naye akipata mtu wa kumtunza, cheti kinakufa. Hilo la mwisho walilisema harakaharaka, nami sikulitilia maanani.

Mwenye nyumba wangu alikuwa fundi cherehani, Myao, mtu mzima, mdomo umejaa pini na maneno. Kwa ajili ya cheti alitoboa dirisha kwenye ukuta wa udongo, akapaka chokaa, akachimba choo upya, yote kwa fedha yake. "Mama," aliniambia siku ya kwanza, "dirisha hili limenila. Cheti chako kisipolipa, nitakutolea humohumo dirishani." Tukacheka sote. Nilikuwa namshonea vifungo, mchana nikitwangia watu mahindi, na ile sehemu yangu ya kodi ikawa inapatikana. Kaka alikuja mara moja kutuona, akamletea fundi jogoo, wakala pamoja kama watu wa siku nyingi. Mtoto akaanza kunenepa mashavu. Siku moja alicheka bila kukohoa, nikaacha mchi nikakaa chini.

Kisha boma wakaleta karani mgeni, mtu wa kaskazini, kwao mtoto ni wa baba. Akaita wapangaji wote wa vyeti kuwauliza upya. Zamu yangu ilipofika hakuinua hata uso.

"Mtoto huyu anatunzwa na nani?"

Nikajibu kama ambavyo mwanamke yeyote wa kwetu angejibu. "Mjomba wake."

Akaandika. Akasema, "Anayefuata."

Nisikilizeni, maana hapa watu hunilaumu. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba ndiye mwenye mtoto. Ndiye anayeulizwa habari za unyago, ndiye anayekaa mkekani siku ya kuozwa, ndiye anayefuatwa mtoto akivunja chungu cha watu. Awe na kitu, asiwe nacho, ni yeye. Kaka yangu hakuwa na shati la pili. Mikorosho yake ilikuwa bado midogo, haijazaa, na vinywa vya kulisha alikuwa navyo vyake tele. Lakini kusema mtoto wangu hana mjomba ni kumzika mtu angali anapumua. Ningesemaje? Karani hakuniuliza nani ananipa hela. Angeniuliza hivyo ningemwambia hakuna, nikamwonyesha na viganja vyangu vilivyochubuka.

Mwisho wa mwezi fundi alikwenda boma na cheti chake, kofia safi, anapiga mluzi. Aliporudi hakupiga mluzi.

"Mama, umenichimbia kaburi," alisema. "Wanasema una mwanamume anayekutunza. Malipo yamezuiwa. Umeitwa barazani Alhamisi ukajieleze, na mimi nije nikushuhudie."

"Mwanamume gani? Ala!"

"Mjomba wa mtoto. Wewe mwenyewe umesema."

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake. Msimu wa korosho ulikuwa umeanza, na wanunuzi walikuwa wanapanda kutoka Lindi wakitafuta vyumba kwa bei yoyote. Mmoja alikwisha kumpa fundi ahadi ya kodi mara mbili. "Mimi si mtu mbaya, mama," alisema, "lakini watoto wangu hawali chokaa. Alhamisi wakikukatalia, Ijumaa nahitaji chumba changu."

Nikamwambia amtupe mtoto njiani leo hii, ya nini kungoja Ijumaa, kisha akae ale korosho na maganda yake. Nilimwambia na mengine ambayo siwezi kuyarudia. Alirudi kwenye cherehani akakanyaga, na nikajua hakuwa anatania. Nilimwendea dresa, akaniambia sindano zilizobaki ni nyingi kuliko zilizopita. "Usimwondoe," alisema. Kama vile mimi ndiye niliyetaka kumwondoa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu wa kwingine asingeweza kulifanya. Kulikuwa na mwanamke wa Mnyambe anarudi nyumbani kwa lori. Nikamwambia, "Mpe kaka salamu. Mwambie nimeitwa barazani Alhamisi, naulizwa kama nina mtu wa kunitunza. Aniombee." Nilidhani nimetuma ombi la dua. Lo! Umpelekee mwanamume wa Kimakonde habari kwamba dada yake anaulizwa hadharani kama ana mtu, halafu utegemee akae nyumbani aombe?

Alhamisi nilimwacha mtoto kwa mke wa fundi baada ya sindano, nikaenda. Liwali alikuwa amekaa mbele, mzee wa pwani mwenye sauti ya chini, karani pembeni yake na kalamu, tarishi wa boma ukutani na kikapu chake, fundi nyuma yangu.

"Ulisema mtoto anatunzwa na mjomba wake," karani akaanza. "Leo unasemaje?"

Nikaeleza yote, ya ukoo, ya mkeka, ya chungu. Nikasema mjomba ni jina na heshima, si mfuko. Nikasema anayenilipia sehemu ya kodi ni huu mchi, na nikanyoosha viganja. Karani alikuwa anatikisa kichwa, lakini liwali alikuwa ananisikiliza kwelikweli.

"Tangu uje hapa, mtu huyo amewahi kukuletea chakula au fedha?" aliuliza liwali.

"Hapana, mzee wangu." Jogoo alikuwa wa fundi, kwa hiyo sikusema uongo.

"Fundi, ni kweli?"

"Kweli, mzee," alisema fundi.

"Basi hakuna anayemtunza," liwali alimwambia karani. "Rudisha cheti."

Karani hakufurahi, lakini akachovya kalamu kwenye wino. Nilianza kuvuta pumzi. Na hapohapo mlangoni nikasikia, "Hodi, wenyewe!"

Sauti ile ningeitambua hata kaburini. Kaka yangu, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, amevaa shati ninalolijua kuwa ni la jirani yetu wa Mnyambe, na begani gunia zima la makopa, ule muhogo mkavu wa kwetu. Alikuwa ameendesha baiskeli kutoka Mnyambe. Mkono mtupu haulambwi, na kaka hakuwa mtu wa kuja mkono mtupu.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba," alijibu liwali.

"Wewe nani?" aliuliza karani. "Na gunia hilo unampelekea nani?"

Kalamu ilikuwa bado hewani. Kaka alinitazama akatabasamu, tabasamu la mtu aliyefika kwa wakati. Nililiona jibu lake kabla halijatoka. Angesema, mimi ndiye mjomba wa mtoto, na hiki ni chakula chake. Lingekuwa neno la kweli kuliko yote yaliyosemwa mle ndani, na Ijumaa mwanangu angekuwa njiani.

Nikamwahi.

"Huyu ni muuza makopa," nilisema. "Ananifuata tangu sokoni. Nimekwambia leo sina hela, bwana! Ndiyo unifuate mpaka barazani?"

Kaka aliendelea kutabasamu kidogo, kisha akaacha. Alinitazama mimi, akakitazama cheti juu ya meza, akamtazama fundi aliyekula naye jogoo. Fundi alikuwa anaangalia ndara zake.

"Kweli wewe ni muuzaji?" karani akamuuliza.

Kaka aliliweka gunia sawa begani.

"Kweli, bwana," alisema. "Nauza."

"Vizuri. Nipimie pishi moja, nyumbani unga umekwisha."

Mama wee! Kaka alishusha gunia, akapiga goti, akafungua kamba. Akajipapasa kama mtu anayetafuta kitu. Muuzaji lazima awe na pishi yake ya kupimia, naye hakuwa na hata kikombe.

"Muuzaji gani huna kipimo?" alisema karani, akavua miwani. Alimtazama kaka, akanigeukia mimi.

"Pishi yake iko kwangu, bwana karani," alisema fundi nyuma yangu. "Aliisahau dukani asubuhi. Mwache akupimie kwa mikono, ikipungua mimi nitakuongezea."

Mpaka leo sijui kama fundi alisema vile kwa huruma au kwa ajili ya malipo yake ya boma. Sikumuuliza kamwe. Kaka alichota makopa kwa mikono miwili, akamwagia kwenye kikapu cha tarishi, na alikuwa anachagua yale meupe, yale aliyomchagulia mwanangu. Hakumpunja karani. Karani akalipa, kaka akazipokea zile senti bila kuziangalia, akafunga gunia, akalitupa begani.

"Kwaherini, wazee," alisema. Kisha akanigeukia. "Haya, mama. Siku ukiwa na hela."

Hakuwahi kuniita mama. Maisha yake yote alikuwa akiniita dada.

Karani akaandika alichoambiwa na liwali, akanisogezea wino, nikatia dole gumba. Nikamshukuru. Ndiyo, nilimwambia, "Asante, bwana karani," na nikapinda goti kidogo, na kila nikikumbuka natamani kumpiga mtu. Cheti kile kilitufikisha mpaka sindano ya mwisho, na mwanangu alipona kabisa. Hayo nayasema sasa ili usimhofie. Na nikirudishwa barazani pale leo, nitasema vilevile, kwa sauti ileile. Mwenye shibe ndiye anayeweza kunifundisha adabu.

Nilipotoka nje kaka hakuwapo. Fundi alikuwa ametangulia kumkimbilia, nikamkuta anarudi peke yake, anahema. Alikuwa amemwambia kaka apitishe gunia nyumbani, alitie ndani kupitia uani. Kaka alikataa. Yule tarishi alikuwa jirani yetu ukuta kwa ukuta, aliyehamia baada ya kaka kuja na jogoo, na alikuwa amesimama palepale barazani akisikia yote. Muuzaji haachi gunia zima bure kwa mwanamke aliyesema hana hela. Akaondoka nalo, arudi nalo mlima wote ule. Nililia kwa hasira, njia nzima, na fundi akatembea mbele yangu bila kugeuka, na hilo nilimshukuru.

Tulikuta mtoto amekaa kwenye kizingiti. Mke wa tarishi alikuwa uwanjani kwake anapepeta, hatua chache kutoka kwetu.

"Mama," mwanangu alisema, "mjomba amepita hapa na baiskeli. Nimemwita, nimemwita, hakugeuka."

Ungo ukanyamaza kule kwa jirani.

"Yule si mjomba wako," nilimwambia, kwa sauti ya kufika mpaka ulipo ungo. "Ni muuza makopa tu."