Asubuhi Waliyomuua Teopisto

Hapa kijijini kwetu Kamalig, kabla ya miwa palikuwa na msitu. Babu yake Luming, mama jirani yetu, ndiye aliyeufyeka, akapanda mpunga. Kisha watu wa hasyenda, lile shamba kubwa la miwa la tajiri, wakaja na hati zenye mihuri, polisi nyuma yao, wakachoma nyumba. Babu akafa akiwa kibarua kwenye ardhi yake mwenyewe. Luming alianza kukata miwa akiwa na miaka tisa.

Mwaka bei ya sukari ilipoanguka, hasyenda iliacha kulima. Njaa ikatuingia. Luming na mumewe, Teopisto, wakatuongoza familia kumi na nane, tukapanda mahindi kwenye mashamba yake yaliyomea magugu.

Mahindi yalipoanza kubeba, walinzi wa hasyenda walikuja asubuhi na trekta. Mkuu wao, Abundio, alikuwa mtoto wa jirani. Mama yake alipougua, Luming ndiye aliyemlisha kijana huyo.

"Tokeni, shangazi," akasema. "Mimi nimetumwa tu."

"Umetumwa! Na wali wangu uliokuwa ukiukomba mpaka ukoko, ulitumwa pia?"

Tukaangua kicheko. Uso wa Abundio ukamwiva.

Teopisto akasimama mbele ya trekta. "Haya, pita juu yangu, mwanangu."

Abundio akampiga risasi mbili za kifua.

Kabla hata hatujapiga kelele, Luming alishafika. Alishusha panga lake la miwa mara moja tu, mkono wa Abundio ukaanguka, vidole bado vimeing'ang'ania bunduki. Wenzake wakamtwanga Luming kwa vitako vya bunduki mpaka taya likavunjika. Nasema kwa aibu: sisi wengine tulikimbia. Trekta ikapita juu ya mahindi, na juu ya Teopisto.

Luming alifungwa miaka saba. Abundio hakulala rumande hata siku moja. Hasyenda ilimfukuza tu, maana mlinzi wa mkono mmoja wa nini?

Luming alipotoka, taya limepinda, serikali ilikuwa imeanza kugawa ardhi. Alipata ekari moja. Siku moja akiipalilia, Abundio akaja, akapiga magoti kwenye tope.

"Nisamehe, shangazi."

Luming aliendelea na jembe lake mpaka mwisho wa mstari.

"Sikusamehe," akasema. "Na mkono wako siuombei radhi. Sasa inuka, unanikanyagia mahindi."

Abundio akainuka, akaondoka. Luming akakaa chini, akalia kwa sauti. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata siku ile ya Teopisto.